Akutukanaye Hakuchagulii Tusi

Hotuba iliyotolewa mbele ya wahamasishaji wa elimu ya uraia



Tumeombwa tuzungumze juu ya Katiba. Tutaizungumzia, ila tutaingia kwa mlango wa uani. Kila tunapokutana na wahamasishaji wetu, lalamiko wanalolitanguliza si uhaba wa nauli wala uchache wa vitabu. Ni matusi. Mtu amesimama sokoni anaeleza kifungu cha Katiba kuhusu ardhi ya umma, mara sauti yatoka nyuma ya umati: "Wewe umelipwa na nani?" Mwingine adakia: "Hujaoa, utatufunza nini?" Wa tatu ataja kabila la mamake. Basi mhamasishaji apandwa na hasira, arudisha tusi kwa tusi, umati wacheka, mkutano wavunjika, na yule aliyetumwa kuuvuruga aenda zake kupokea ujira wake. Kazi yake imekamilika, nasi ndio tuliomsaidia kuikamilisha.

Wahenga walisema kwamba akutukanaye hakuchagulii tusi. Methali hii hutajwa sana kwa kuliwaza, lakini ndani yake mna maarifa zaidi ya maliwazo. Mtukanaji huokota kilicho karibu na mkono wake, kama mtu anayetafuta jiwe la kumtupia mbwa. Hapimi kama jiwe lina pembe nne au tatu. Kwa hiyo tusi halituelezi mengi juu ya anayetukanwa. Hutueleza habari za mwenye kutukana, na hasa habari moja: kwamba alipotia mkono mfukoni kutafuta hoja, hakuikuta.

Tuchukue kisa kimoja cha nchi yetu tukitazame kwa makini, maana wengi hukitaja kwa haraka na kuyaacha yaliyo muhimu.

Mwaka 1989 ilijulikana kwamba ndani ya Bustani ya Uhuru, katikati ya jiji la Nairobi, kungejengwa jumba la ghorofa 60. Mwenye mradi alikuwa shirika la gazeti la Kenya Times, lililokuwa la ubia kati ya KANU, chama pekee kilichoruhusiwa na sheria wakati huo, na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell. Profesa Wangari Maathai, ambaye mwaka 1977 alikuwa ameanzisha Green Belt Movement, shughuli ya kupanda miti, akaandika barua. Twasisitiza jambo hili: aliandika barua. Hakumwita mtu mwizi. Aliuliza. Aliwaandikia wenye mradi, akaziandikia ofisi za serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa, na alipomwandikia Balozi wa Uingereza alimtaka afikirie iwapo watu wa London wangekubali jumba kama lile lisimamishwe katikati ya Hyde Park.

Maswali hayo yalijibiwa kwa nini? Mnamo Novemba 1989 Bunge liliweka kando shughuli zake ili kumjadili, si jumba, bali yeye. Waheshimiwa walisimama mmoja baada ya mwingine. Wakasema shirika lake ni genge la wanawake waliopewa talaka. Wakauliza kwa nini anakwenda kuwalilia wageni. Na siku ya Jamhuri, Desemba 12, 1989, Rais Moi alisema hadharani kwamba wanaoupinga mradi wana wadudu kichwani, na kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Shirika lake lilifukuzwa katika ofisi za serikali lilimokuwa, nalo likahamia nyumbani kwake.

Sasa tuitazame hali hiyo kwa jicho la sheria. Maneno yaliyotamkwa ndani ya Bunge yana kinga. Hakuna mahakama inayoweza kumshtaki mbunge kwa alilolisema humo, hata liwe chafu kiasi gani. Kinga hiyo ilikuwapo wakati huo, na ipo leo katika Kifungu cha 117 cha Katiba ya 2010. Mlango huo ulikuwa umefungwa. Mlango wa pili aliujaribu: alikwenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi usimamishwe. Mnamo Desemba 1989 ombi lake lilitupiliwa mbali kwa sababu kwamba hakuwa na haki ya kufika mahakamani juu ya jambo hilo. Yeye binafsi hajadhurika kuliko wananchi wengine, na kuusemea umma ni kazi ya Mwanasheria Mkuu. Yaani bustani ni ya wote, kwa hiyo hakuna mmoja anayeweza kuitetea! Wanasheria tuliofunzwa hoja hiyo darasani tuliambiwa ni kanuni kongwe ya sheria ya Kiingereza. Ukongwe wake hatuubishi.

Mtu aliyefungiwa Bunge, mahakama na ofisi, akatukanwa na mkuu wa nchi mbele ya taifa, amebakiwa na nini? Amebakiwa na jibu lake tu. Na jibu la Profesa Maathai lilikuwa, kwa muhtasari, kwamba suala lililo mbele ya taifa ni bustani wala si ndoa za watu, na kwamba suala kama hilo huamuliwa kwa kiungo kilicho juu ya shingo, si kwa vile vilivyo chini.

Tulitazame jibu hilo vizuri, maana limesukwa kwa ustadi. Kwanza hakukana talaka. Alikuwa ameachana na mumewe kweli, na kukana lililo kweli ni kumpa adui fimbo ya pili. Tena hakutumia saa nzima kuwatetea wanawake walioachika, ijapokuwa wanastahili kutetewa. Angefanya hivyo, gazeti la kesho yake lingeandika juu ya talaka, na jumba lingepanda ghorofa kwa ghorofa watu wakibishania ndoa. Wala hakuyafunua ya nyumbani kwa waheshimiwa, ingawa katika mji mdogo kama Nairobi ya siku zile mambo ya nyumbani kwa wakubwa hayakuwa siri. Alitamka sentensi chache zenye makali, lakini makali yaliyoelekezwa kwenye udhaifu wa hoja, kisha akarudi kwenye bustani. Akaendelea kuandika barua zake.

Hilo la kurudi kwenye bustani ndilo twataka mlishike, ndugu wahamasishaji. Kujizuia si kunyamaza. Kuna watu wanaodhani mwenye busara ni yule anayetabasamu na kupita. Pengine ndiyo, kama tusi ni lako peke yako. Lakini mtukanaji wa kisiasa hakutukani ili uumie. Akutukana ili uache ulilokuwa ukilisema. Ukinyamaza umeliacha. Ukimrudishia tusi umeliacha pia. Mizani ya jibu jema ni moja: baada ya kujibu, je, wananchi walio mbele yako bado wanazungumzia ardhi yao, au wanazungumzia wewe?

Mwaka 1990 mpango wa jumba ulipunguzwa, na baadaye ukaachwa kabisa. Bustani ikabaki. Kwa haki tuseme kwamba si jibu la bibi mmoja pekee lililouangusha. Fedha zilitarajiwa kutoka nje, na wenye fedha hawapendi kelele. Lakini kelele zile zilitoka wapi kama si kwa mtu aliyekataa kuhamishwa katika mada yake?

Na lile la mahakama? Katiba iliyopitishwa na wananchi mwaka 2010 inasema katika Kifungu cha 70 kwamba mtu yeyote anayeona haki ya mazingira safi imekiukwa, au yaelekea kukiukwa, aweza kwenda mahakamani, na hahitaji kuonyesha kwamba mtu yeyote amepata hasara au madhara. Somani hukumu ile ya 1989, kisha msome kifungu hicho, nanyi mtaona kifungu kinajibu hukumu. Jibu hilo lilichukua miaka 21. Halina hata neno moja la dharau kwa mtu.

Msidhani twamfanya Profesa Maathai malaika. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba baada ya kesi yake ya talaka, mwaka 1979, aliliambia jarida moja kwamba jaji aliyeamua kesi ile alikuwa ama hajui kazi yake ama amekula rushwa. Alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama, akatolewa baada ya siku tatu kwa maelezo yaliyoandikwa na wakili wake. Tukiulizwa sisi, adhabu ile ilikuwa kubwa mno kuliko kosa. Hata hivyo tazameni tofauti ya majibu hayo mawili. La 1979 lilimlenga mtu, na likahitaji ushahidi ambao msemaji hakuwa nao mkononi. La 1989 lilikilenga kilichosemwa, na halikuhitaji shahidi, kwa kuwa kila mtu aliyesikia hoja ya talaka aliweza kupima mwenyewe kama ina uhusiano na ghorofa 60. Kati ya majibu hayo mawili ipo miaka 10 ya mtu kujifunza.

Wenzetu wa dini watatukumbusha kwamba jambo hili ni la kale. Katika Mithali, sura ya 26, aya ya 4 na ya 5 zimekaa jirani na zaonekana kugombana: ya kwanza yakataza kumjibu mpumbavu kwa kipimo cha upumbavu wake, usije ukafanana naye, ya pili yaagiza ajibiwe, asije akajiona mwenye hekima. Nayo Qurani, katika Sura ya Al-Furqan, aya ya 63, yawasifu wale ambao wajinga wakiwasemesha hujibu kwa neno la salama. Wahubiri wamezieleza aya zile mbili za Mithali kwa njia nyingi. Sisi wa mahakamani twazielewa kirahisi, kwa sababu ndivyo tunavyoishi. Yako maneno ambayo ukiyajibu umeyapa uzito yasiokuwa nao, na yako ambayo usipoyajibu leo, kesho yataandikwa kuwa yamekubaliwa.

Turudi basi kwa yule aliyeuliza sokoni, "Umelipwa na nani?" Wengi wenu mmelihesabu kuwa tusi, na sauti iliyolitamka ilikusudia tusi. Lakini likivuliwa sauti yake, hilo ni swali halali kabisa! Mwananchi ana haki ya kujua nauli ya mtu anayemfunza imetoka wapi. Mwambieni. Semeni ni michango ya nani, kiasi gani, na hesabu zake zinapatikana kwa nani. Kampeni ya mageuzi inayotaka serikali ifungue vitabu vyake haiwezi kughadhibika inapoulizwa juu ya vyake. Nusu ya maneno mnayoyaita matusi yana swali ndani yake. Ling'oeni swali, mlijibu kwa takwimu, na tusi libaki maganda.

Lile la kutooa halina swali ndani yake. Hilo chekeni nalo, kisha mwendelee na ardhi. Mzaha ni silaha ya zamani katika nchi hii. Mwezi wa Juni 2024, vijana walipotoka kuupinga Mswada wa Fedha, kiongozi mmoja aliwabeza kwamba ni watoto wa starehe wanaokuja maandamanoni kwa teksi za Uber na kula kuku wa KFC. Vijana hawakugombana naye juu ya kuku. Waliifanya dharau ile kuwa kichekesho chao wenyewe, wakaendelea kunukuu vifungu vya mswada kwa nambari. Tarehe 25 mwezi huo watu walipigwa risasi, na hilo si jambo la kuchekea. Siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia mswada sahihi.

Nani kasema kwamba kujizuia ni desturi ya kuazima? Pwani yetu ilikuwa na mahakama ya maneno kabla ya majaji wa wigi kufika. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi hadi miaka ya 1840 hivi, alikuwa akijibizana kwa mashairi na wapinzani wa mji wake, Lamu ikiwamo, wakati miji hiyo ilipokuwa ikipigana vita vya kweli. Katika ujibizano wa aina hiyo mshairi hajibu ovyo. Hufuata mizani, huchunga vina, hutumia fumbo. Mtu mwenye hasira anayelazimika kuhesabu silabi hupoa kabla hajafika kituoni, na tusi linalobaki baada ya kazi yote hiyo huwa limegeuka hoja. Nasi mawakili tuna kitu chetu kidogo cha namna hiyo: mahakamani twamwita mpinzani wetu "msomi mwenzangu", hata siku ambayo usomi wake twautilia shaka sana. Watu hutucheka kwamba ni unafiki. Labda. Lakini unafiki huo umewawezesha watu wawili wanaochukiana kufika mwisho wa kesi bila kushikana makoo, na mteja akapata hukumu.

Sasa tufike mahali pagumu. Yapo maneno ambayo si ya kuchekwa, wala si ya kujibiwa kwa fumbo, wala si ya kuachiwa Mungu. Katika mapigano ya kikabila ya mwaka 1992, na tena katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu katika Bonde la Ufa waliitwa "madoadoa" yanayopaswa kuondolewa. Neno lenyewe ni la ng'ombe na la nguo. Lilipotamkwa mikutanoni liliweza kusikika kama utani, na wako waliocheka. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu waliouawa katika machafuko hayo ya mwisho kuwa watu 1,133. Waliochekelea neno lile mikutanoni hawakushika panga wote, walicheka tu.

Kwa hiyo yule wa tatu sokoni, aliyetaja kabila la mama wa mhamasishaji wetu, si wa kuwekwa fungu moja na wale wawili. Kifungu cha 33 cha Katiba chatupa sote uhuru wa kusema, na kifungu hicho hicho chasema uhuru huo haufiki kwenye kuchochea ghasia, kueneza chuki wala kutetea vita. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 imeyafanya maneno ya chuki ya kikabila kuwa kosa la jinai. Mtu wa namna hiyo msimtukane, na msinyamaze. Mwambieni mbele ya watu wote, kwa sauti ya kawaida, kwamba alilolisema ni kosa, na kwamba mmelisikia. Kisha liandikeni: maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, kwa lugha iliyotumika, si tafsiri yenu, siku, saa, mahali, na nani mwingine alikuwapo. Mashtaka mengi ya maneno ya chuki huanguka kwa sababu shahidi alileta mahakamani alivyojisikia badala ya alichokisikia.

Kuhusu kashfa ya kawaida, yaani uongo unaoharibu jina lako, mjue mambo mawili. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumfunga mtu jela kwa kashfa ni kinyume cha Katiba. Tuliisherehekea hukumu hiyo, maana tunakumbuka jinsi sheria za maneno zilivyotumiwa kuwafunga watu wa mageuzi, hata ile ya uchochezi ikafutwa mwaka 1997. Msije basi mkawakimbilia polisi mwenzenu afungwe kwa kuwaita wezi. Iliyobaki ni kesi ya madai, nayo ina muda: miezi 12 tangu maneno yasemwe. Ukikaa mwaka mzima ukitafakari hasira zako, mlango umefungwa. Ila kabla hujaja ofisini kwetu na ada mkononi, jiulize kama barua moja ya kumtaka asahihishe haitoshi. Mara nyingi hutosha. Tunasema hivyo kwa hasara yetu wenyewe.

Limebaki la nyumbani. Tumezungumza kana kwamba wenye ndimi chafu ni wale wa upande wa pili. Je, sisi kwa sisi? Mwaka 1991, Kifungu cha 2A kilipofutwa na vyama vingi vikarudi, FORD ilikuwa jahazi ambalo kila mtu alidhani litavuka. Kabla ya uchaguzi wa Desemba 29, 1992, jahazi lilikuwa limepasuka, Ford-Kenya huku na Ford-Asili kule, na Rais Moi akashinda kwa asilimia 36 hivi ya kura. Sababu za mpasuko huo zilikuwa nyingi, na tamaa ya kiti ndiyo iliyokuwa ya kwanza. Lakini waliokuwa wamekula pamoja mabomu ya machozi mwaka 1990, kufika 1992 hawakuweza kuketi meza moja, na maneno yaliyotamkwa baina yao yalikuwa na sehemu yake. Adui humjibu mtu kwa uangalifu. Mwenzake humjibu vyovyote, akidhani undugu utaufunika ukali. Tumeona kamati za wilaya zikivunjika katika kampeni hii kwa sababu ya neno moja alilotamkiwa mweka hazina na katibu.

Mwenyekiti ametuonyesha saa. Makaratasi ya kuandikia maneno yaliyosemwa mikutanoni yako kwa katibu wa kila wilaya, na kila mmoja wenu aondoke nayo leo. Yajazwe siku ile ile, kabla ya kulala. Yasiwekwe maoni. Tuko tayari kwa maswali, na kama yapo ya kutukana mawakili, tutaanza na hayo.